Gauni jeupe, chai bustanini, na Uingereza ya Mfalme Edward: ilikuwa kweli au picha tu?

Swali la msomaji kutoka Tanga: "Shikamoo mwalimu. Naolewa mwezi wa pili hapa hapa Tanga, na mimi na mchumba wangu tumependa sana ile staili ya Waingereza wa zamani, zama za Mfalme Edward. Gauni jeupe la lesi lenye kola ndefu, kofia kubwa, chai bustanini, tumeiona kwenye tamthilia na tumekusanya picha kibao. Sasa shangazi yangu kauliza kwanini tunasherehekea wakoloni. Naomba nijue, maisha yalikuwa hivyo kweli? Na kwanini dunia nzima inaipenda ile picha? Na je, nivae au nisivae?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Umeuliza maswali matatu na nitayajibu yote ila sio kwa foleni, mana yameshikana, ukivuta moja linakuja na wenzake. Kwa ufupi ni kwamba zile gauni zilishonwa kweli na chai ilinyweka kweli bustanini, lakini waliokuwa wanakaa kwenye vile viti walikuwa wachache sana, na ule mwanga wa dhahabu unaouona juu ya picha nzima umewekwa baadae, na waliouweka walikuwa na sababu zao ambazo nyingine ni za kusikitisha.

Edward wa Saba mwenyewe alitawala miaka tisa tu. Mama yake, Malkia Victoria, alifariki tarehe 22 Januari 1901, mtoto akiwa na miaka 59, babu mwenye wajukuu, akatawala mpaka tarehe 6 Mei 1910 alipofariki. Lakini watu wakisema zama za Edward huwa wanavuta mpaka Agosti 1914 Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, wengine wanaishia Aprili 1912 Titanic ilipozama, yaani miaka ya mwanawe George wa Tano inahesabiwa humo humo. Ona hapo, zama hizi watu hawazipimi kwa mfalme, wanazipima kwa msiba uliokuja mwishoni, na ukishika hilo utaelewa sehemu kubwa ya nitakayosema.

Na mwanzo wake pia ulikuwa kutoka msibani. Victoria alifiwa na mume 1861 na akavaa nyeusi mpaka anafariki, yaani eda ya karibu miaka 40, na ikulu yote ikanyamaza naye. Sasa anaingia Edward, mtu wa farasi wa mbio, karata, chakula kingi, safari za Paris na za kuoga maji ya tiba Ujerumani, na ghafla ikulu ina karamu, kuna taa, kuna mavazi. Ile kofia ya homburg ni yeye aliyeieneza baada ya kuikuta kwenye mji wa Homburg, na ule mtindo wa wanaume kuacha kifungo cha mwisho cha kizibao wazi inasemekana ni wake pia, kiuno kilikuwa kimeshamzidi, watu wakaiga mpaka leo, muangalie mchumba wako siku hiyo kama fundi hatamwambia asikifunge.

Mkewe Alexandra ndo alikuwa mwenye staili hasa. Zile kola ndefu zinazopanda mpaka chini ya kidevu, na zile mikufu ya lulu safu kwa safu zinazobana shingo, inasemwa alianza kuzivaa kuficha kovu la shingoni, na wanawake wasiokuwa na kovu lolote wakaiga wote. Kwaiyo hiyo kola uliyoipenda wewe ina historia ya mwanamke mmoja kuficha alama yake.

Sasa niongelee gauni zenyewe, na hapa utanivumilia mana ndo kazi yangu na nazipenda kutoka moyoni.

Watu wengi wanachanganya, wanadhani ni staili moja. Sio moja. Kuna ya mwanzo, toka 1901 mpaka kama 1907 hivi, mwanamke amevaa koseti yenye mbele iliyonyooka, inasukuma kifua mbele na makalio nyuma, ukimtazama kwa ubavu umbo linakuwa kama herufi S, blauzi imejazwa mbele inaning'inia kidogo kama kifua cha njiwa, kiuno cha nyigu, sketi inabana nyongani halafu inafunguka chini kama ua la yungiyungi. Koseti hiyo mwanzoni ilinadiwa kuwa ni ya afya, eti haibani tumbo kama zile za Victoria, lakini zilivyokuja kuvaliwa kwa kubanwa sana zikapinda mgongo vibaya. Halafu kuna ya mwisho, kuanzia 1908 hivi, mbunifu wa mavazi Paul Poiret wa Paris anapandisha kiuno mpaka chini ya matiti, gauni linaanguka moja kwa moja kama bomba, rangi zinakuwa kali, na ikifika 1910 sketi zimebana chini mpaka mtu anatembea hatua za kuku. Hizo ndo za kwenye Titanic. Kwaiyo kabla hujaenda kwa fundi amua kwanza, njiwa au bomba, ukichanganya kifua cha njiwa na sketi ya 1911 halitakaa, na fundi atakulaumu wewe.

Na lile gauni jeupe la bustanini, hilo lilikuwa la pamba nyepesi kabisa, karibu unaona mkono upande wa pili, limewekwa vijikunjo vyembamba vilivyopigwa pasi kimoja kimoja, katikati imeingizwa mistari ya lesi, nyingi ikiwa ya mashine za Nottingham. Niliwahi kushika moja kwenye stoo ya makumbusho, nimevaa glavu, na uzito wake haukufika hata wa khanga moja. Nikakaa naangalia pindo la chini. Jeupe, linaburuta kwenye majani, linapita kwenye matope, na halina doa. Ukiona gauni jeupe lisilo na doa linaloburuta chini, swali la kwanza linatakiwa liwe nani alikuwa analifua.

Sensa ya 1911 ya Uingereza na Wales ilihesabu wanawake karibu milioni 1.3 kwenye kazi za ndani, ndo ilikuwa kazi inayoajiri wanawake wengi kuliko zote. Na usifikirie ile jumba kubwa ya kwenye tamthilia yenye watumishi 20 wanaokula pamoja na kuchumbiana jikoni. Wengi wao walikuwa peke yao, hausigeli mmoja wa kazi zote kwenye nyumba ya karani au mwenye duka, binti wa miaka 14 au 15, anaamka kabla ya jua, anasafisha majiko ya makaa ya mawe chumba kwa chumba, anapandisha maji ya moto ngazi tatu, anashusha ndoo za uchafu ngazi hizo hizo. Na ile nguo nyeupe inaloekwa, inachemshwa, inasuguliwa, inatiwa uwanga, inapigwa pasi za chuma zilizopashwa jikoni, unashika moja nyingine inapata moto. Sisi tuliolelewa kwenye nyumba zenye dada wa kazi tunaijua hii habari hata bila kufika London.

Alafu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii kabisa. Nguo zilizobaki makumbusho ni nguo za matajiri, mana ni tajiri tu anayeweza kuvaa kitu mara tatu akakiweka kwenye sanduku na karatasi laini kwa miaka 100. Nguo ya maskini iliisha. Ilivaliwa na mama, ikakatwa ikawa ya mtoto, ikauzwa mtumba (London ilikuwa na masoko makubwa ya mitumba, Petticoat Lane ilikuwepo kama sisi tulivyo na Karume), ikaishia tambara la kupigia deki. Kwaiyo leo ukiingia makumbusho unaona lesi, lesi, lesi, unatoka unadhani nchi nzima ilikuwa imevaa lesi, wakati Seebohm Rowntree kwenye utafiti wake wa mji wa York uliotoka 1901 alikuta karibu asilimia 28 ya watu wa mji ule wako kwenye umaskini, na York haukuwa mji mbaya kuliko mingine.

Kama unataka kuona sura za wengine hao, tafuta filamu za Mitchell na Kenyon. Hawa walikuwa wapiga picha wawili wa Blackburn, kaskazini huko kwenye viwanda vya pamba, wanaweka kamera getini wakati wafanyakazi wanatoka, halafu usiku wanaonyesha kwenye maonyesho ili watu walipe wajione. Filamu zikapotea miaka yote, mwaka 1994 mafundi waliokuwa wanasafisha ghorofa ya chini ya duka moja wakakuta madebe matatu ya chuma, ndani filamu karibu 800. Mimi nilipoziona mara ya kwanza nililia, sioni haya kusema. Wanawake wamejitanda shali kichwani kama mama zetu na mtandio, viatu vya mbao, watoto wadogo kabisa nao wanatoka kazini, wanacheka na kamera, wanasukumana. Hakuna kofia yenye manyoya ya mbuni hata moja kwa dakika nzima.

Sasa ule mwanga wa dhahabu. Waingereza wana msemo wao wa mchana mrefu wa jua kabla ya vita, na ukiwauliza jua lipi, kumbukumbu nyingi zinaangukia kiangazi cha 1911. Na kweli jua lilikuwepo, tarehe 9 Agosti 1911 pale Greenwich lilipimwa joto la nyuzi 36.7, rekodi iliyokaa mpaka 1990. George wa Tano alikuwa ametawazwa Juni, mabendera kila mahali, watu wamevaa nyeupe, boti mtoni. Lakini jua hilo hilo, mwezi huo huo, mabaharia na makuli wa bandarini walikuwa kwenye mgomo, wa reli wakafuata, mgomo wa kwanza wa reli nchi nzima, chakula kikaoza bandarini, serikali ikatoa wanajeshi, wakapiga risasi watu wakafa Liverpool na Llanelli kule Wales. Na kwenye mitaa ya maskini joto lile liliharibu maziwa, nzi wakajaa, watoto wachanga wakaharisha. Mwaka 1910 kwa kila watoto 1000 waliozaliwa Uingereza na Wales walifariki kama 105 kabla ya mwaka mmoja, 1911 wakafika 130. Mimi siwezi tena kutazama picha ya bustani ya kiangazi kile bila kuwaza maziwa.

Kwanini basi kumbukumbu ikachagua boti ikaacha maziwa? Kwasababu ya kilichofuata. Uingereza ilipoteza wanajeshi zaidi ya 700,000 kwenye ile vita, na maofisa vijana, wale watoto wa nyumba zenye bustani, walikufa kwa kiwango kikubwa zaidi mana wao ndo walitangulia kutoka kwenye mahandaki. Waliobaki ndo walioandika vitabu vya kumbukumbu, na walipoandika kuhusu 1908 walikuwa wanaandika kuhusu kaka aliyekuwa hai. Na wengi walikuwa watoto wakati huo, na mtoto wa nyumba ya kitajiri anakumbuka keki, hakumbuki aliyeioka aliamka saa ngapi. Siwalaumu. Mtu aliyefiwa akikumbuka nyumba yao anakumbuka jua linaingia dirishani. Shida inakuja pale kumbukumbu ya familia chache inapogeuzwa kuwa kumbukumbu ya nchi nzima, halafu baadae majumba yenyewe yakafunguliwa kwa watalii kwa tiketi, miaka ya 1970 mbunifu Laura Ashley akauza blauzi za kola ndefu na gauni za maua, televisheni ikaleta mabwana juu na watumishi chini, na kila kizazi kikaongeza tabaka lake la dhahabu.

Na kitu ambacho mimi nakiona kitamu kuliko vyote: wao wenyewe walikuwa wanatamani zamani. Mwaka 1901 Waingereza zaidi ya robo tatu walikuwa tayari wanaishi mijini, kwenye moshi, na ndo mana waliokuwa na uwezo walijenga nyumba za kuiga za karne ya 16, zenye mbao nyeusi ukutani na paa refu, Gertrude Jekyll akawapangia bustani zionekane kama za kijijini, Cecil Sharp kuanzia 1903 akazunguka vijijini anaokota nyimbo za wazee kabla hazijafa, Letchworth ukaanzishwa 1903 kama mji wa bustani. Hapo hapo magari yanaingia, mwaka 1904 yalikuwa kama 8,000, ikifika 1914 ni zaidi ya 130,000, Selfridge anafungua duka lake kubwa Oxford Street 1909, mwaka huo huo Mfaransa Blériot anavuka kwa ndege ule mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Kila kitu kinakimbia, na wao wanakaa bustanini na kikombe wanajifanya hakikimbii. Kwaiyo ile chai unayoitamani wewe leo, hata aliyekuwa anainywa 1905 alikuwa anaigiza kitu cha zamani zaidi.

Tuje kwa shangazi, mana shangazi ana hoja na usimpuuze.

Wakati ule hapo kwenu Tanga hapakuwa pa Mwingereza, alikuwepo Mjerumani, reli yake ikafika Mombo 1905, na mwaka huo huo kusini vita vya Maji Maji vikaanza. Mwingereza alikuwa Zanzibar na ng'ambo ya mpaka, Kenya ya leo. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria Desemba 1901, sheria ya ardhi ya 1902 ikafungua njia ya walowezi kugawiwa mashamba, Wamaasai wakahamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911, na Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa Oktoba 1905 kwenye mkutano ambao aliambiwa ni wa amani. Krismasi ya 1904 hoteli ya Norfolk ikafunguliwa Nairobi, na veranda yake ikawa ndo bustani ya Edward ya huku kwetu, viti vile vile, nguo nyeupe zile zile, na anayefua ni mwingine kabisa. Na huko London kwenyewe, piano iliyokuwa sebuleni vibao vyake vilikuwa pembe za ndovu, mipira ya biliadi pembe, na pembe laini iliyosifiwa kuliko nyingine ilikuwa inapita Zanzibar. Leo kambi nyingi za watalii mbugani zinauza picha hiyo hiyo, taa za shaba, viti vya turubai, kitambaa cheupe mezani, na mhudumu wetu amesimama nyuma kimya amevaa glavu. Hiyo ndo sehemu inayonikera mimi, wala sio lesi.

Na tusisahau zama zenyewe zilifia wapi. Novemba 1914, miezi mitatu tu baada ya vita kuanza, jeshi la Mwingereza lenye askari wengi wa Kihindi lilishuka hapo hapo Tanga, likapigwa na Wajerumani na askari wao Waafrika, likarudi melini. Makaburi yapo mpaka leo, umeyapita mara ngapi sijui. Mwambie shangazi historia hii haiko mbali na nyumbani kwake hata kidogo.

Sasa uvae au usivae. Mimi nasema vaa, na nitakupa sababu ya kuvaa. Tarehe 21 Juni 1908 wanawake waliokuwa wanadai kura, chama cha kina Emmeline Pankhurst, waliitisha mkutano Hyde Park, London, wakaambiana wote waje na nguo nyeupe, ili umati uonekane wa kitu kimoja na ili magazeti yasiseme ni wahuni. Wakaja kutoka nchi nzima kwa treni za kukodi, umati ukafika malaki ya watu. Gauni lile lile jeupe la chai. Mwaka uliofuata baadhi yao walikuwa jela wanagoma kula na wanalishwa kwa mpira wa puani kwa nguvu. Juni 1913 Emily Wilding Davison aliingia mbele ya farasi wa mfalme kwenye mbio za Derby, akafariki siku nne baadae, na kwenye mazishi yake wanawake waliandamana mitaa ya London, wengine na nyeusi, wengine na zambarau, wengine na nyeupe. Picha hizo zipo, na huwa hazipo kwenye makusanyo ya harusi.

Kwaiyo kwa fundi nenda hivi. Chagua staili ya 1908 hadi 1911, kiuno cha juu, hiyo haihitaji koseti na kwa joto la Tanga la mwezi wa pili ndo itakayokuokoa. Pamba nyepesi, usidanganywe ukachukua satini ya plastiki inang'aa, wao hawakuwa nayo na utaungua. Lesi iingizwe kwenye kitambaa, isigandikwe juu. Kola ndefu sawa, ila mwambie aache nafasi ya vidole viwili shingoni na nyuma aweke vifungo vidogo, asiweke zipu. Kofia iwe ya ukili, wasukaji wa huko pwani watakusukia pana kuliko ya duchesi yeyote, na uipambe kwa maua au asumini, achana na manyoya, mana ndege waliuawa kwa maelfu kwa ajili ya kofia zile mpaka wanawake wenyewe wa Uingereza wakaanzisha chama cha kuwatetea 1889, kikapewa hadhi ya kifalme 1904. Na ukitaka ukanda kiunoni, wale wanawake wa Hyde Park walikuwa na rangi zao tatu, zambarau, nyeupe na kijani. Nyeupe unayo tayari, tafuta utepe wa hizo mbili nyingine, na shangazi akiuliza mkalishe umsimulie.